Aliyeacha kuhesabu alipofika milioni

Leo ni Aprili 7, sikukuu ya Karume. Ofisi zimefungwa, na hapa Arusha mvua ya masika imeanza tangu alfajiri. Jirani yangu Mnyarwanda hakufungua duka. Kwake tarehe hii ni ya maombolezo ya mwaka 1994, na tangu nimjue hajawahi kuuza hata kiberiti siku kama ya leo. Nilimpelekea chai, tukakaa kimya kibarazani hadi ikapoa.

Mimi nina marehemu mwingine wa tarehe hii. Benjamin Ferencz alifariki Aprili 7, 2023, huko Florida, Marekani, akiwa na miaka 103. Wakili mstaafu, sajini wa zamani wa jeshi, na wa mwisho kuondoka kati ya waendesha mashtaka wa Nuremberg, mji wa Ujerumani ambako Wanazi walishtakiwa baada ya Vita Kuu ya Pili. Sikupata kumwona. Lakini mimi ni karani wa masjala, nashinda na majalada kutwa, na huyu mzee ndiye aliyenifanya niiheshimu kazi yangu.

Alizaliwa Transylvania mwaka 1920, akafikishwa New York angali mtoto wa kubebwa. Baba yake alikuwa fundi viatu aliyekosa kazi ya ufundi, akaishia kutunza majengo ya wapangaji, na familia ikaishi chini kabisa ya jengo. Mtoto huyo akasoma sheria Harvard, akamaliza 1943, na jeshi likamchukua akiwa askari wa cheo cha chini kabisa, kwenye mizinga ya kutungulia ndege. Alitua Normandy. Baadaye ndipo wakubwa walipokumbuka kwamba kijana huyu alishafanya utafiti wa jinai za kivita, wakamtuma kwenye kambi za mateso zilizokuwa zikikombolewa: Buchenwald, Mauthausen, Ebensee.

Alisimulia kwamba ukiingia kambini hukuweza kutofautisha aliyelala na aliyekufa. Naye, katikati ya hali hiyo, alitakiwa kwenda moja kwa moja ofisini, kwenye daftari za vifo, kabla hazijapotea. Nimeifikiria sana safari hiyo fupi ya kutoka getini hadi ofisini, ukiwapita watu wanaonyoosha mikono, kwa sababu bila zile daftari kesho yake mtu atasimama na kusema hapakutokea kitu.

Vita ilipokwisha alirudi Ujerumani, safari hii kama mwanasheria. Mmoja wa watafiti wake Berlin akamletea mafaili ya siri: taarifa za vikosi vilivyofuata nyuma ya jeshi la Ujerumani kuanzia 1941 ndani ya Umoja wa Kisovieti, vikiua Wayahudi, Waroma na wengine, mji kwa mji. Kila taarifa ilitaja mahali, tarehe, kikosi na idadi ya waliouawa. Ferencz akachukua mashine ndogo ya kujumlisha, akaanza kuingiza namba. Zilipopita milioni moja akaacha, akapanda ndege kwenda Nuremberg kumwona mkuu wake, Telford Taylor.

Aliambiwa mpango wa kesi ulishapangwa na watu hawatoshi. Akasema ataifanya yeye mwenyewe, juu ya kazi alizokuwa nazo. Akapewa. Alikuwa na miaka 27 na hiyo ndiyo kesi yake ya kwanza maishani.

Vikosi vile vilikuwa na watu kama 3,000. Walioshtakiwa ni 24. Kwa nini 24? Kwa sababu kizimba kilikuwa na viti 24. Yeye mwenyewe hakuwahi kulificha hilo, na mimi huwa linaniuma kila nikilikumbuka. Ikabidi achague wenye vyeo vikubwa na elimu kubwa, na wasomi walikuwa tele, wanasheria wakiwemo. Waliosimama hadi hukumu ni 22. Upande wa mashtaka ulimaliza ushahidi wake kwa siku mbili tu, bila kuita shahidi hata mmoja. Karatasi zao wenyewe zilitosha. Aprili 1948 wote wakatiwa hatiani, 14 wakahukumiwa kunyongwa. Walionyongwa ni wanne. Wengine wakapunguziwa adhabu, na kufikia 1958 hakuna aliyebaki gerezani.

Kati ya wale wanne alikuwemo Otto Ohlendorf, aliyekiri kwamba kikosi chake kiliua watu 90,000. Baada ya hukumu Ferencz alishuka kumwona, akamuuliza kama kuna lolote angependa afanyiwe, pengine salamu kwa familia. Jibu lilikuwa kwamba Wayahudi wa Marekani watakiona cha moto. Ferencz akamwambia, "Kwaheri, Bwana Ohlendorf," akaondoka. Alikwenda akiwa na nia ya kubeba salamu za mtu yule. Sijui kama mimi ningeweza.

Miaka iliyofuata aliitumia kudai mali za walionusurika na kupigania mahakama ya kudumu ya jinai za namna hii. Agosti 2011, akiwa na miaka 91, alisimama The Hague, Uholanzi, ilipo mahakama hiyo (ICC), kwenye majumuisho ya kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa waasi wa Kongo, kuwatetea kadogo wa Ituri, mashariki mwa Kongo, watoto waliotiwa bunduki mikononi kabla ya kutimiza miaka 15. Hiyo ndiyo ikawa hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo. Niliposoma hivyo niliona mkono wa mzee yule umetufikia huku kwetu, kwa watu tunaosema lugha moja.

Juzi alikuja bibi mmoja kwenye shauri la mirathi. Akalishika jalada kwa mikono miwili, akaniambia, "Mwanangu, hili si jina la mzee wangu." Herufi moja tu ilikosewa. Ofisa mmoja alisema tuendelee, halina madhara. Bibi hakubishana, alibaki ameweka kidole juu ya jina. Nimelitenga jalada lile juu ya meza yangu. Kesho ofisi zikifunguliwa atakuja na hati ya kiapo, nami nimeshamwandalia nafasi kwenye rejista, mstari mzima, niandike upya.