Muziki katika Chumba cha Upasuaji
Mama anayejifungua kwa upasuaji baada ya kuchomwa sindano ya ganzi mgongoni huwa macho muda wote, na mara nyingi kinachomtia hofu ni sauti: vyuma vinavyogongana kwenye trei, mashine inayolia kwa kila pigo la moyo wake, na wahudumu wanaonong'onezana nyuma ya pazia. Daktari Evan Kane wa Pennsylvania, Marekani, aliandika mwaka 1914 kuhusu kutumia gramafoni ili kuwatuliza wagonjwa kabla ya nusukaputi. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha mapitio ya majaribio 73, yaliyoonyesha kwamba muziki hupunguza wasiwasi, maumivu na hata mahitaji ya dawa za maumivu baada ya upasuaji. Kwa maoni yangu, wimbo auchague mgonjwa: bibi aliyezoea taarabu huenda asitulizwe na kinanda cha taratibu, na daktari anayefungulia nyimbo azipendazo yeye anajiburudisha tu. Sauti nayo iwe ya chini, kwani mgonjwa anapaswa kumsikia mtaalamu wa usingizi anapomwita.