Filamu za makundi potofu: mie namsikiliza aliyetoka

Jamaa zangu, kuna jambo linanikera kwenye hizi filamu za makundi ya dini yaliyoangamiza watu. Nyingi zinamganda kiongozi tu, miwani yake, sauti yake, utoto wake ulikuwa vipi, na wafuasi wanapita kwa mbali hawana hata majina. Mie sizipendi. Nataka kumsikia yule aliyeingia akatoka.

Dokumentari ya Stanley Nelson ya 2006 kuhusu Jonestown, kijiji cha msituni kule Guyana walikohamia wafuasi wa mhubiri wa Kimarekani Jim Jones, ndo imefanya hivyo khasa. Watu zaidi ya 900 walikufa tarehe 18 Novemba 1978, wengi kwa sumu, watoto peke yao kama 300, lakini mwanzo wa filamu hudhani kabisa kama ni filamu ya msiba, watu wanaimba, weusi na weupe wamekaa kanisa moja Marekani ya miaka ile, wazee wanatunzwa, walevi wa madawa wanasaidiwa, na waliosalimika wanasimulia huku wanatabasamu. Deborah Layton, mmoja wa waliotoroka, anasema humo kwamba hakuna mtu anaejiunga na kitu anachojua kitamdhuru.

Huyo Deborah ana kitabu chake cha 1998, Seductive Poison, kitafuteni. Kafika msituni, pasipoti ikachukuliwa, spika zinapiga sauti ya Jim Jones mchana na usiku, watu wanashinda shamba wanalishwa wali, na siku nyengine usiku wanaamshwa wote wanaitwa bandani, wanapewa kinywaji wanaambiwa kina sumu, wanywe, wakishakunywa ndo wanaambiwa ilikuwa kuwajaribu tu. Alitoroka Mei 1978 akamuacha mama yake kule, mgonjwa wa kansa. Juni akaapa kwa maandishi kwamba hawa watu wanatayarishwa kufa. Miezi mitano kabla! Hawakumsikiliza inavyotakiwa.

Na siku yenyewe ilipofika alikuwepo bibi mmoja, Christine Miller, sauti yake imo kwenye mkanda uliorekodiwa, anabishana na Jones mbele ya watu wote, anasema watoto wana haki ya kuishi. Wenzake ndo waliompigia kelele. Nilipofika hapo nilizima nikatoka nje.

Shakahola ilipotokea 2023, hapo Kilifi, Kenya, mwambao wetu huu huu, waumini wa mhubiri mmoja wakafunga kula msituni mpaka kufa, miili zaidi ya 400 ikafukuliwa, barazani kwetu Kikwajuni watu wakasema ati wajinga wale, mtu mzima na akili zake vipi aambiwe asile akubali. Ikaniuma. Nikamwambia mzee mmoja, "Mzee wangu, hawakuambiwa siku ya kwanza. Kwanza mtoto atolewe skuli, halafu hospitali ni dhambi, halafu hama uje msituni, mpaka unafika kwenye njaa huna tena pa kurudi." Akanyamaza kidogo, akaniuliza, "Na jamaa zao je?"

Swali la maana hilo, maana wapo jamaa waliohangaika kuwatafuta watu wao, na hata akipatikana kazi haijesha. Tazameni Martha Marcy May Marlene ya Sean Durkin, 2011 (msiangalie na watoto wala wazee, ina uchi na ubakaji). Msichana katoroka shambani kwa kundi kama hayo, kafikia kwa dada yake, nyumba kando ya ziwa, kila kitu kipo. Lakini kule walimpa jina jengine, wanawake walikuwa hawali mpaka wanaume wamalize, na huku usingizi hana, anahisi wanamfata. Dada akiuliza ulikuwa wapi, anasema alikuwa na mwanamme, mazungumzo yanafia hapo, yaliyobaki ni kugombezana kuhusu adabu. Dada anampenda kweli, hajui tu aanzie wapi.

Na waliookolewa Shakahola jee? Wapo waliokataa kula hata baada ya kutolewa msituni, na 65 wakapelekwa mahakamani kwa kosa la kujaribu kujiua. Mtu katolewa kaburini unampa kesi! Mie naamini walihitaji mtu wa kukaa nao miezi na miezi, anaewajulia hali, asiewauliza kwa nini ulikubali.

Natamani mmoja wao aandike mwenyewe, kwa Kiswahili, asiandikiwe na mwandishi wa habari. Kama yupo ameshaandika na nyinyi mnakijua hicho kitabu niambieni jina lake, ntakiagizia Mombasa.