Nimeliosha jiwe

Jumamosi nilipanda Kibosho, Kilimanjaro, kwa mama kumsimamia fundi anayechimba shimo la choo. Saa nne hivi akaniita: "Dada, njoo uone, sururu imegonga kitu." Shimo lilikuwa limemfika kiunoni. Nikadhani bomba. Likatoka jiwe bapa la kijivu, limebonyea katikati, laini kama kiganja.

Mama alilitupia jicho mara moja tu. "La kusagia ulezi hilo. Huyo alikuwa mpika mbege." Pombe yetu ya ndizi na ulezi. Akapiga magoti nyuma yake bila kuombwa, na magoti yenyewe yanamsumbua, akaonyesha mikono inavyosukuma mbele na kurudi. Ndipo nikaona kwamba limelika zaidi upande wa kulia. Kuna mtu aliinama hapo asubuhi nyingi, akalalia mkono uleule, au yeye na mkwewe baada yake. Nimewahi kuzunguka Makumbusho ya Elimu Viumbe kule Arusha, kwenye lile Boma la Wajerumani, lakini hakuna kabati la kioo lililonisogeza karibu na mtu wa kale kiasi hicho.

Sasa sikieni nilichofanya. Nililibeba hadi bombani, sabuni ya unga, brashi ya kufulia, nikalisugua mpaka likatakata. Nikapiga picha nikamtumia rafiki yangu aliyesomea akiolojia. Akajibu neno moja: "Umeliosha?"

Kisha akanipigia. Kumbe vitundu vya jiwe la kusagia hushika chembe za wanga, na chembe hizo zinaweza kudumu humo muda ambao akili haiufikii. Kwenye pango la Ngalue, mkoa wa Niassa nchini Msumbiji, wanaakiolojia walikuta wanga wa mtama kwenye zana za mawe za zaidi ya miaka 100,000 iliyopita. Taarifa ilitoka mwaka 2009. Hadubini ndiyo iliyouona. Wa kwetu nimeumwaga kwenye mgomba.

Akanikumbusha Engaruka, magofu ya wakulima wa kale, tulikokwenda naye kushangaa matuta ya mawe na mifereji chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Mifereji inakuonyesha kwamba watu wale walijua kuyagawa maji, basi. Chakula chao kilijulikana kwa punje za mtama zilizoungua. Zilizoiva vizuri ziliiva, zikaliwa, zikaisha.

Maswali yakaendelea: lilikuwa kina gani, kulikuwa na majivu, uso wa kusagia ulitazama juu au chini? Maana mtu anayehama akitarajia kurudi huenda akaliinamisha jiwe lake lisichafuke. Nikamuuliza fundi. "Lilikuwa limelala tu, dada."

Jioni nikarudi kwenye lundo la udongo, safari hii kwa vidole. Nimepata vigae vitatu vya chungu. Kimoja kina masizi nje, na ndani kimeng'ang'aniwa na kitu cheusi ambacho yeyote aliyewahi kusugua sufuria anakijua: ukoko. Nikatoa mkate kwenye mfuko wake wa karatasi, nikavitia humo na udongo wake, nikaandika juu kwa kalamu: "kina cha kiuno, upande wa migomba".

Mama alinitazama nikiupakia mfuko kwenye begi.

"Sasa huo uchafu unaupeleka mjini wa nini?"