Uzi Mwekundu Chumbani kwa Shangazi

Shangazi yangu alifuma masweta ya shule hapa Njombe mpaka mwezi aliofariki. Baridi ya Juni ndiyo iliyomlisha: wazazi wakiona watoto wanatetemeka asubuhi, ndipo wanapokumbuka kumbishia hodi. Katika chumba chake cha kazi tulikuta mashine ya kufumia, kiti kilicholika upande mmoja, na magunia ya uzi uliobaki, mwingi wake mwekundu.

Siku hizo nilikuwa nasoma habari za Chiharu Shiota, msanii wa Kijapani aliyezaliwa Osaka mwaka 1972, anayeishi Berlin. Hujaza vyumba vizima kwa uzi, mwekundu au mweusi, akiuzungusha kwenye vitu vilivyoachwa na watu: viatu, vitanda, masanduku. Mwaka 2015 aliiwakilisha Japani kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, kwa mashua mbili kuukuu na maelfu ya funguo zilizochangwa na watu, zikining'inia kwenye uzi mwekundu. Maonyesho yake makubwa ya Tokyo, mwaka 2019, aliyaandaa huku saratani imemrudia. Kwake uzi hukaza, hulegea, hujisokota, hukatika, na ndivyo tulivyo sisi kwa sisi. Na mtu asiyekuwepo huonekana kupitia vitu alivyovigusa. Nilikuwa na msiba. Nilimwelewa mara moja.

Siku moja kabla ya ndugu kukaa kugawana vitu, nilijifungia humo. Nilianzia kwenye kiti, nikapandisha uzi mpaka misumari ya dari, nikaushusha kwenye mashine, nikarudi tena. Kufikia jioni hupiti bila kuinama.

Baba mdogo alifungua mlango, akarudi nyuma.

"Mwanangu, uzi mwekundu kwenye nyumba ya marehemu? Majirani watasemaje?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Kwetu uzi mwekundu au mweusi ukiukuta umefungwa mahali, huugusi. Nilimweleza habari za Shiota. Japani na Berlin hazikumpunguzia hofu hata kidogo. Nilipomwambia ni uzi wa masweta ya dada yake, alinyamaza.

Bibi ndiye aliyeingia. "Kamwene," alisalimu, na chumbani hakuna aliyemjibu. Alishika uzi mmoja akauvuta, kiti kikasogea.

"Huu unaenda wapi?"

"Kwenye mashine, Bibi."

"Na huu?"

Akaufuata, na mwingine, akiinama, mpaka akafika kwenye kile kiti cha binti yake. Akaketi, akalia kwa sauti. Siku ya mazishi hakulia hivyo. Alikuwa na wageni wa kupokea, na mama wa marehemu kwetu hana nafasi ya kuvunjika mbele ya watu. Baba mdogo akainama, akapita chini ya nyuzi, akamshika bega. Naamini hiyo ndiyo kazi ambayo sanaa ile inaifanya popote inapotundikwa.

Kikao cha kesho yake kilifanyika humo humo, wazee wameketi chini ya nyuzi. Mashine alipewa binamu yangu anayeijua kazi. Bibi aliukata uzi mwenyewe kwa mkasi wa Shangazi, nasi tukaukunja madonge upya kwa ajili ya masweta ya muhula uliofuata. Vipande vifupi tulitaka kuvitupa. Bibi akaagiza vijazwe kwenye mto wake, na hakutaka mjadala.