Siku moja maishani mwangu: transfoma ya bustani iliyosingiziwa Entebbe

Saa 12:30 asubuhi

Mimi ni fundi umeme, naishi Kajjansi, na kazi zangu nyingi ziko kando ya barabara ya Entebbe. Leo naenda kwenye nyumba ya wageni iliyo karibu na ziwa. Jana mama mwenye nyumba alinipigia simu: taa zote za bustani zimezimika tangu mvua kubwa iliponyesha, na fundi aliyetangulia amemwambia transfoma (kile kisanduku kinachoshusha umeme wa nyumba hadi volti 12 za taa) imekufa, anunue mpya. Nilimwomba asinunue chochote mpaka nifike.

Nina sababu. Transfoma ya kawaida, yenye chuma katikati na koili za shaba, ni kifaa kigumu. Kinachoharibika kwanza ni maungio ya waya. Lakini transfoma iko ukutani kila mtu anaiona, na waya umefukiwa, kwa hiyo lawama zote zinakwenda ukutani.

Saa 2:00

Msaidizi wangu, kijana wa Bunia, Kongo, ananisubiri stendi ya Kitooro. Sisi wawili Kiswahili ndicho tunachofanyia kazi, na mlinzi wa pale ni mwanajeshi mstaafu, kwa hiyo naye tunaelewana bila shida. Namwuliza yeye kabla sijafungua mkoba, kwa sababu mlinzi ndiye anayekaa na taa usiku kucha.

"Afande, ukiwasha inafanyaje?"

"Fundi, nikipandisha ile breka ndogo, hiyo kitu inanguruma, halafu ta! Inashuka."

Maneno hayo yamenipunguzia nusu ya kazi. Kama inanguruma, umeme unaingia. Kama breka inashuka papo hapo, kuna shoti mbele. Transfoma iliyoungua koili ingekaa kimya, au ingetoa harufu ambayo ukishainusa hutaisahau tena.

Saa 2:30

Hata hivyo napima, sikisii. Kwanza Yaka, yaani mita ya kulipia kabla: yuniti zipo. (Nimewahi kuitiwa taa "mbovu" kumbe mita imeishiwa.) Halafu soketi: volti 231. Upande huu ni umeme wa kuua mtu, kwa hiyo kijana hagusi kitu kabla sijachomoa plagi na kupima tena. Ndani ya plagi nakuta fyuzi ya ampea 13. Transfoma hii ni ya VA 150, yaani mzigo inaoweza kubeba. Kwa volti 240 haifiki hata ampea moja. Naweka ya ampea 3.

Nafungua kifuniko. Mijusi miwili inakimbia, na pembeni kuna udongo wa sisimizi. Naondoa nyaya zote mbili zinazokwenda bustanini, kila moja naifunga tepu ya rangi yake, kisha nafunika kwa tepu nyeusi kihisi mwanga, kile kinachowasha taa giza likiingia, na kurudisha umeme kwenye transfoma ikiwa haina mzigo. Nangoja dakika moja kwa kuwa kihisi kinachelewa makusudi. Multimita iwe kwenye AC (umeme unaogeuka mwelekeo). Ukiiweka kwenye DC (umeme wa mwelekeo mmoja) utasoma sifuri na utaihukumu transfoma kifo bila kosa. Inasoma volti 12.7. Imeandikwa 12, na bila mzigo huwa inazidi kidogo. Nzima kabisa.

Namwita mama aje asome mwenyewe. Napenda mwenye mali aione namba kwa macho yake.

Saa 3:15

Narudisha laini moja moja. Ya njia ya geti, taa 10 za wati 5, inakaa. Ya kibanda cha ziwani, taa 8 za wati 5, breka inashuka. Basi adui yuko upande wa ziwa.

Waya una urefu wa mita 35 na umefukiwa. Anayeanza kuchimba kutoka mwanzo atachimba mpaka jioni. Mimi nagawa katikati: nafungua maungio ya taa ya nne, napima ukinzani kila upande. Nusu ya karibu na nyumba haina shoti. Nusu ya mbali, multimita inalia: shoti iko huko. Nagawa tena. Baada ya muda si mrefu imebaki nafasi kati ya taa mbili, na hapo katikati kuna tuta jipya la maua.

Mama anasema bustani ilipandwa wiki iliyopita. Nachimba kwa mikono, jembe naliweka kando.

Kina cha vidole viwili chini ya udongo, waya una mkato wa jembe uliopita kwenye ngozi ya nyaya zote mbili. Shaba imegeuka kijani, na pale zilipogusana kuna doa jeusi. Hatua moja mbele yake kuna maungio ya zamani: nyaya zimesokotwa kwa vidole, zikazungushiwa tepu ya kawaida, zikazikwa. Nikiifungua tepu, maji yanadondoka. Nikivuta waya kidogo, unakatika. Hata bila jembe, maungio haya yangezima taa msimu huu au unaofuata.

Hili linaniuma. Watu wanasema volti 12 haiui, na ni kweli, haikurushi. Lakini wati zilezile kwa volti ndogo zinataka ampea nyingi: wati 40 kwa volti 240 ni chini ya ampea 0.2, kwa volti 12 ni zaidi ya 3. Maungio mabovu yakipitisha ampea hizo yanapata joto, yanaungua pole pole, na hakuna anayejua.

Nakata sehemu mbovu yote mpaka nikute shaba ing'aayo. Naunga kwa risasi ya kuyeyusha, navika mipira miwili inayosinyaa kwa moto yenye gundi ndani, na maungio nayapandisha kwenye kikasha juu ya udongo. Breka inakaa.

Saa 7:00 mchana

Rolex (chapati iliyoviringishwa na mayai) na chai. Mvua inatishia, haiji.

Saa 8:00

Fundi mwingine angeondoka hapa. Mimi nakiacha kihisi mwanga kikiwa bado kimefunikwa, taa zinawaka mchana, na napima taa ya mwisho: volti 9.8. Kwenye transfoma ni 12.2. Taa za ziwani ni hafifu, na mama anakiri zimekuwa hivyo tangu zifungwe.

Waya ni wa milimita 1.5. Mita 35 kwenda na 35 kurudi ni karibu ohmu 0.85, na volti zinapotelea humo kama nguvu ya maji kwenye mpira mrefu mwembamba. Kununua transfoma mpya kusingesaidia hata kidogo. Namtuma kijana Kitooro akalete kebo ya milimita 4, tunaipeleka moja kwa moja mpaka katikati ya laini, na umeme unagawanyika kulia na kushoto kutoka hapo.

Napima tena taa ya mwisho: 11.2.

Saa 12:45 jioni

Entebbe iko karibu kabisa na ikweta, jua linazama karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo mama anauliza kwa nini asiweke saa ya kuwashia. Namweleza: umeme ukikatika, saa ya mitambo inasimama na taa zinachelewa. Kihisi mwanga hakijali. Nakigeuza tu kisitazame taa ya geti, maana kikiiona kitadhani ni mchana.

Analalamika pia kuhusu wale nzi wa ziwani, wanaojaa kwenye taa mpaka zinafunikwa. Namshauri taa zijazo ziwe za rangi ya njano iliyokolea. Nyeupe ya baridi inawavuta zaidi.

Saa 1:10 usiku

Taa 18 zinawaka. Klampu mita, ile ya kubana waya, inasoma ampea 7.6, na transfoma inaweza 12.5, kwa hiyo haihangaiki. Ndani ya kifuniko naandika kwa kalamu nzito: tarehe, volti bila mzigo, volti zikiwaka, ampea za kila laini. Afande namwonyesha namba hizo na kumwomba, breka ikishuka tena, aniandikie nani alichimba bustanini siku hiyo.

Mama anauliza zile fedha alizotenga kwa ajili ya transfoma afanyie nini. Namwambia anunue kebo nyingine ya milimita 4 kwa laini ya geti, nije Jumamosi tufukue na huko tuone kama kuna maungio ya tepu kabla mvua hazijazidi.