Siku ya chanjo, tangu jogoo wa kwanza mpaka kuku wa mwisho

Saa 11 alfajiri. Kabla sijagusa mlango wa banda nasimama nje, nasikiliza kama kuna anayekoroma. Zamani nilikuwa nafungua tu, namwaga pumba, narudi kwenye cherehani yangu. Leo kimya, jogoo peke yake. Alhamdulillahi.

Saa 12. Leo hawatoki mpaka kila mmoja apate tone lake la chanjo ya kideri, ugonjwa unaofagia banda zima. Narudia kila baada ya miezi 3, na tarehe naiandika kwa chaki ukutani, juu ya kiota. Kichupa kimelala kwenye kitambaa kibichi kando ya mtungi. Chanjo hii, aina ya I-2, inavumilia joto kuliko nyingine, lakini jua siipi.

Binti yangu anakamata, mimi nadondosha. Kuku namlaza ubavu mapajani, kidole gumba kinavuta kope ya chini, chupa wima, tone moja. Kumwachia hapo hapo ni kosa, maana atatikisa kichwa na dawa yote itaishia kwenye gauni. Nangoja apepese, tone litandae jichoni na kupotea. Kuku 26, karibu saa nzima.

Mwaka juzi, mwezi wa nane, nilikuwa nao 41. Chanjo ilishapita muda wake, nami nilikuwa na sare za shule za kushona, kila siku nasema wiki ijayo. Katikati ya hayo nikanunua matetea wawili mnadani kwa bei ya kutupwa, nikawaingiza bandani jioni ile ile. Siku ya tano mmoja akashusha mabawa. Kinyesi kikawa kijani, kisha shingo zikaanza kupinda. Nikakimbilia dukani, nikauziwa antibaotiki, nikawanywesha. Kideri ni kirusi, antibaotiki haikigusi. Hata chanjo wakati huo haiponyi, na kwa kuku mzima inataka kama wiki 2 ndipo kinga ikamilike. Wakabaki 6.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba chanjo yenyewe inatengenezwa Kibaha, jirani kabisa na sisi wa Mlandizi. Sikuikosa, niliiahirisha.

Saa 2. Kichupa kimoja kinatosha mamia ya kuku, kwa hiyo tunachanga nyumba nne. Kwa bibi wa nyumba ya tatu ndiko naanzia siku zote. Ile mizoga niliitupa shimo la taka, mbwa wakaivuta mpaka uani kwake, na kuku wake 14 wakaisha. Nilimwendea nikamweleza mwenyewe. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi mwanangu, ukipata chanjo unikumbuke." Sasa mzoga nauchoma, au naufukia chini sana na majivu juu. Na kuku mgeni anakaa wiki 2 peke yake nyuma ya jiko, hata awe mzuri namna gani.

"Hodi! Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Tisa nimewafunga tangu jana. Yule mweusi amenishinda, analala juu ya mwembe."

Tukawamaliza wale tisa. Mweusi alikuwa ameshaingia kwenye mihogo.

Saa 5. Nashona.

Saa 7 mchana. Vifaranga. Wako 17, wiki ya tatu, chini ya tenga kwa sababu ya mwewe na kunguru. Kwanza nachota maranda ya sakafuni kwa kiganja, nayafinya. Yakishikamana ni mabichi, nayatoa yote bila kuhurumia gunia jipya. Masika yaliyopita niliacha chombo cha maji kikivuja siku tatu, wakaanza kuhara damu, nikapoteza 8 kabla dawa haijafanya kazi.

Usiku naangalia wanavyolala. Wakitawanyika, joto linatosha. Wakirundikana, wana baridi. Kuna alfajiri niliamka jiko la mkaa linalowapa joto limezimika, nikakuta rundo moja kwenye kona. Wa juu wazima, wa chini 9 wamebanwa wamekufa, bapa kama majani. Tangu hapo kona za kitalu chao wanamolala nimeziziba kwa boksi, kikawa duara, na saa 8 usiku naamka kuongeza mkaa.

Saa 10 jioni. Wateja wa mayai, trei moja na nusu. Ya yule anayetamia siyagusi; nilishayapima kwa tochi siku ya 7, nikatoa mawili yasiyo na mishipa ya damu, yaani hayana kifaranga.

Saa 1 usiku. Kuku wangu wamepanda kichanjani, nimehesabu 26, nimefunga. Natoka na tochi na kichupa, kwa maana kikishachanganywa hakingoji kesho. Mjukuu wa bibi anapanda mwembe taratibu. Gizani kuku haoni, hapigi hata kelele. Anamshusha mweusi kifuani kwake, bibi anashika tochi, mkono ukimtetemeka kidogo. Navuta kope. Tone.

"Usimwachie," bibi ananiambia.

Tunangoja. Kuku anapepesa.