Nilivyochagua alumini ya masanduku ya boda boda

Mteja alitaka masanduku ya kubebea mikate kwenye boda boda: ya alumini, kona zikunjwe, zisichomelewe. Hapa Kamukunji, Nairobi, kazi ya bati la chuma ni ya kila siku, na bati ukilipiga linatii. Alumini haikubali amri ya kila mtu, na kabla ya kulipia chochote nilitaka kujua namba ya karatasi, yaani namba inayotaja aina ya alumini na ugumu wake.

Muuzaji wa Industrial Area alinisifia 6061-T6. "Fundi, chukua hii, ndiyo ngumu kuliko zote nilizo nazo." Hakudanganya. Hiyo T6 maana yake imepashwa moto, ikapozwa ghafla, kisha ikakomazwa tena kwa joto la wastani, ndiyo ikapata nguvu. Nguvu hiyo hiyo ndiyo inayokataa kona kali. Nilimwomba kipande cha mabaki cha milimita 2, nikakipitisha kwenye mashine ya kukunjia kwa kona aliyoitaka mteja. Mgongoni mwa mkunjo pakachanika. 6061-T6 inataka mviringo wa ndani (nusu kipenyo cha kona kwa ndani) wa angalau mara tatu ya unene wake, yaani milimita 6, na kona pana hivyo ingeharibu ukaaji wa mfuniko.

Wengine huipaka sabuni ya kipande, wakaipasha moto mpaka sabuni igeuke nyeusi, ndipo wakunje. Inalainika, ndiyo, lakini ile T6 uliyoilipia imekwisha. Sasa uliinunulia nini?

Nikabaki na aina mbili za kuchagua, 3003-H14 na 5052-H32. 3003-H14 inakunjika vizuri sana na ningeichagua kwa mifereji ya maji bila kufikiri. Lakini sanduku la boda boda linagongwa, linaangushwa, linarukishwa kwenye matuta. 5052-H32 inaizidi kwa nguvu kama theluthi moja. Ina magnesi ya asilimia 2.5 hivi, inavumilia mvua, na haipati nguvu zake kwa moto, inazipata kwa kubanwa kwenye roli ikiwa baridi. Kwa unene wa milimita 2 inakubali mviringo wa milimita 2 hadi 3. Nikachukua hiyo.

Karatasi ya alumini ina mistari myembamba iliyoachwa na roli kiwandani. Nilipanga vipimo ili mikunjo mikuu iikate mistari hiyo. Mkunjo unaofuatana nayo hupasuka upesi. Mistari ya vipimo niliichora kwa penseli, kwa sababu mkwaruzo wa msumari huwa ndio mwanzo wa ufa. Kingo nilizipiga tupa. Na kwa kuwa alumini hurudi kidogo ukiiachia, nilikunja kupita digrii 90 kidogo, nikipima kwa skwea.

Kona nilizifunga kwa riveti za alumini. Za chuma zilikuwepo, ila zikilowa mvua huifanya alumini inayozizunguka iliwe.